Mfugo Mmoja Umeshonwa kwa Uzi

Marehemu baba yangu, aliyelitumikia jeshi kwa miaka mingi na kutulea katika nyumba za kambi, alikuwa na Kiswahili cha maneno yapatayo mia mbili, na karibu yote yalikuwa ya kuamrisha. Mimi niliapa kumpita. Nilikisoma Kiswahili sanifu Makerere hadi nikafikia daraja la kusahihisha matangazo ya mazishi yaliyobandikwa njiani, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, nilitembea mjini kwa wiki nzima kama mtu aliyeteuliwa yeye mwenyewe. Nayataja haya ili msomaji aelewe ni kiburi cha aina gani kilichosafiri pamoja nami hadi Rwamwanja.

Rwamwanja ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Kamwenge, magharibi mwa nchi, yaliyofunguliwa upya mwaka 2012 kwa ajili ya Wakongo waliokuwa wakikimbia vita vya Kivu Kaskazini. Watu hawakai kwenye mahema yaliyozungushiwa senyenge. Wanakaa vijijini, wana viwanja vyao, wanalima mahindi na maharage, na Kiswahili chao ni kile cha Goma na Rutshuru, chenye utamu wake na sheria zake. Shirika moja lilikuwa limegawa mbuzi huko na sasa lilitaka kujua kama mbuzi hao walikuwa wamepunguza umaskini. Lilitafuta mtu wa kutafsiri dodoso na kuwasimamia wadodosaji. Nikapeleka vyeti vyangu, vyote, hata kile cha uchezaji wa ngoma.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri, na sitaki mtu aucheke. Vijiji vilikuwa vimepigiwa kura mapema: vilivyopata, kila nyumba iliyochaguliwa ilipewa mbuzi majike wawili na mafunzo ya kila mwezi kwa miaka miwili, vilivyokosa viliahidiwa kusubiri zamu yao, na wakati huohuo vikawa kundi la ulinganisho. Kwa kuwa ni kura iliyoamua, na si sura ya mtu wala ujamaa na mwenyekiti, tofauti yoyote itakayoonekana mwishoni inaweza kuhesabiwa kuwa imeletwa na mbuzi. Ndiyo njia iliyotumika jirani zetu wa Busia, upande wa Kenya, ambako dawa za minyoo zilitolewa kwa zamu katika shule 75, na mmoja wa watafiti wa kazi hiyo, Michael Kremer, alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Siku ya kuwafundisha wadodosaji wangu sita niliyasimulia hayo yote, kisha nikawapa na la nyumbani. Niliwaambia kwamba katika nchi hii yetu watafiti waliwahi kwenda mashuleni kuuliza ni kiasi gani cha fedha za ruzuku kilichofika kati ya mwaka 1991 na 1995, badala ya kusoma karatasi za wizarani peke yake, wakakuta kwamba kwa wastani shule za msingi zilikuwa zimepata asilimia 13 tu, na kwamba baadaye serikali ilianza kuvitangaza viwango hivyo magazetini. "Swali moja lililoulizwa vizuri," nilisema huku nimeinua kidole, "lina nguvu kuliko polisi." Wakaandika. Hata mimi nilitamani kuandika.

Kisha tukafika kwenye dodoso. Nilikuwa nimelitafsiri kwa siku nne, na palikuwa na neno "kaya", palikuwa na "kipato ghafi", palikuwa na "kishikwambi", ambalo mdodosaji mmoja alilidhania kuwa ni ugonjwa wa ngozi hadi nilipomkabidhi chake na chaja yake. Msichana mmoja mzaliwa wa Masisi, mpole, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinua mkono kwenye swali la 14.

"Mwalimu, hapa kwenye 'mifugo', hatuwezi kusema tu mbuzi, kuku, ng'ombe?"

Nilimjibu kwa upole wa mtu mwenye kamusi tatu. Nilimweleza kwamba neno "mifugo" linawakusanya wote, kwamba mdodosaji akiongeza neno lake swali linabadilika na takwimu zinaharibika, na kwamba kila swali lisomwe kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, bila kupunguza wala kutia chumvi. Akakubali. Nilimsifu kwa kukubali.

Hapa ni lazima niungame mambo mawili. Kanuni za kazi zinataka dodoso likishatafsiriwa, mtu mwingine ambaye hajauona mswada wa kwanza alirudishe kwenye Kiingereza, ili ionekane kama maana imepona safarini. Mtu huyo mwingine nilikuwa mimi, siku ya Jumanne, kwa malipo ya pili. Tafsiri yangu ililingana na asili yake kwa namna iliyomshangaza mkuu wetu. La pili ni kwamba dodoso hujaribiwa kijijini kabla ya kazi kuanza, nasi tulilijaribu, lakini katika kijiji kilichokuwa karibu na kituo cha biashara, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na huko ndiko kulikokuwa na chapati. Kijiji hicho kilikuwa kimepata mbuzi. Watu wake walikuwa wamehudhuria mafunzo ya mifugo kila mwezi kwa miaka miwili, wakaimbishwa mifugo, wakapewa fulana zilizoandikwa mifugo kifuani. Walijibu swali la 14 bila kusita. Nikaandika kwenye ripoti: "Lugha inaeleweka kikamilifu."

Kazi ilichukua majuma matatu. Sitaisimulia yote, pikipiki zilikwama, betri ziliisha, mzee mmoja alimwoza mdodosaji wetu binti yake katikati ya mahojiano na ikatubidi tumwombe radhi. Takwimu zilipanda kila jioni kwenda Kampala, nami nikalala usingizi wa mwenye haki.

Siku ya nne baada ya kumaliza, mchambuzi wetu wa takwimu alinipigia simu usiku. Ni dada wa Kiganda mwenye subira nyingi, lakini usiku ule sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeona nyoka jikoni.

"Kaka, mradi umepunguza mifugo."

"Haiwezekani."

"Nyumba zilizopewa mbuzi zina mifugo miwili, mitatu. Nyumba ambazo hazikupewa kitu zina minne, mitano. Ipo moja yenye kumi na moja. Na wanasema waliipata kwa msaada."

Hilo la msaada ndilo lililotutia wazimu. Ikiwa vijiji vya ulinganisho vilikuwa vimepewa mifugo na watu wengine kwa siri, basi ulinganisho wote ulikuwa umeingiwa na maji. Mkuu wetu alikesha siku mbili kwenye simu akiyauliza mashirika mengine, kwa adabu iliyokuwa ikipungua kila saa, ni nani kati yao anayegawa wanyama Rwamwanja bila kutaarifu. Wote walikana. Mmoja, nasikia, alikana kwa kiapo.

Mkutano ukaitishwa Kampala. Nilivaa koti. Majibu yalioneshwa ukutani, nami nakumbuka jinsi yalivyopendeza kwa mpangilio wake. Mifugo ya kundi la ulinganisho hulala wapi? Ndani ya nyumba, karibu asilimia mia. Inatumia chakula gani zaidi? Mahindi, kisha maharage. Huazimwa na majirani? Ndiyo, hasa wakati wa mavuno. Iliyokufa katika miezi 12 iliyopita ilikufa kwa sababu gani? Panya. Kwa kuwa dodoso halikuwa na kisanduku cha panya, wadodosaji walikuwa wametia alama kwenye "wanyama waharibifu", na mtu mmoja mezani alipendekeza kwamba tuiandikie mamlaka ya wanyamapori.

Mtaalamu mmoja kutoka Ulaya, mwenye miwani inayoning'inia, alilitengenezea jambo hili nadharia. Alitukumbusha habari za vijana wa kaskazini mwa Uganda waliopewa ruzuku za kuanzisha kazi za ufundi mnamo mwaka 2008: baada ya miaka minne waliopata walikuwa wakiwazidi waliokosa kwa asilimia 38 katika kipato, lakini baada ya miaka tisa waliokosa walikuwa wamewafikia. Hayo ni kweli, na ni utafiti unaoheshimika. Ila yeye akauvuta hadi kwetu: akasema kwamba huko Rwamwanja waliokosa mbuzi walikuwa wameumwa na wivu wenye manufaa, wakajitahidi kuliko waliopata, wakaanza ufugaji wa ndani unaotegemea nafaka. "Ufugaji wa ndani unaotegemea nafaka" ukaandikwa ubaoni na kupigiwa mstari. Nilipoulizwa maoni yangu kama mwenyeji wa lugha, nilisema kwamba Wakongo ni watu wenye bidii sana, jambo ambalo pia ni kweli.

Yule dada mchambuzi hakusema kitu. Alikuwa akisoma sehemu ya maelezo, ile ambayo hakuna anayeisoma, ambamo mdodosaji anaruhusiwa kuandika alichokiona.

"Hapa pana maelezo ya kaya namba 212," alisema. "Yanasema: mfugo mmoja umeshonwa kwa uzi."

Kukawa kimya. Mtaalamu aliuliza kama makazi yana daktari wa mifugo. Mkuu wetu alisema yupo, ila hakujua kama anafikia kiwango cha upasuaji.

"Na hapa," dada akaendelea, "mfugo mkubwa ni mweupe, una maandishi ya bluu."

Nilihisi jasho likianza kisogoni na kushuka taratibu ndani ya koti. Nilianza kuyapanga upya majibu yale kichwani: mahindi, uvunguni, panya, majirani wakati wa mavuno, ilikuja na msaada. Mifugo. Mifuko. Na wala sarufi haikunisaidia, kwa maana maneno yote mawili yamo katika ngeli moja, ukiuliza "mifugo yenu ni mingapi, mingine ilikufa?" kila kiambishi kinakaa sawasawa juu ya mfuko kama kofia ya kushonewa. Hata kufa: mfuko wa mtu ukitoboka, naye akausema kwamba umekufa, ni nani atakayemkosoa? Laiti ningeandika mbuzi, ungekuja "wangapi" na kumzindua msikilizaji. Vijiji vilivyopewa mbuzi vilikuwa vimefundishwa neno lile kwa miaka miwili. Vijiji vilivyokosa mbuzi vilikuwa vimekosa na neno. Mradi ulikuwa umegawa msamiati, na dodoso langu lilikuwa limeupima msamiati huo kwa uangalifu mkubwa.

Ningeweza kunyamaza. Nadharia ilikuwa nzuri na mtaalamu alikuwa amekwisha kuipenda. Lakini dada alinitazama, nami nikasema kwa sauti ya baba yangu, fupi na isiyo na adabu: "Ni magunia."

Nilirudishwa Rwamwanja kwa gharama yangu ya tafsiri ya kinyume, ambayo ilikatwa yote. Kazi ya kwanza ilikuwa kuithibitisha aibu, na kwa hiyo nilikwenda kaya namba 212 pamoja na yule msichana wa Masisi, aliyekuwa ameyaandika maelezo yale kwa sababu, kama alivyonieleza njiani bila kunitazama, "mwalimu alikataza kuongeza neno kwenye swali, hakukataza kwenye maelezo." Mwenye nyumba alikuwa mama mzee aliyetukaribisha kwenye kigoda na kutupa mahindi ya kuchoma. Nilimwomba atuoneshe mifugo yake. Aliingia ndani, akainama uvunguni, akarudi na magunia matatu yaliyokunjwa kama nguo za Jumapili, akayatandaza moja moja mbele ya miguu yangu. La kwanza lilikuwa jeupe lenye maandishi ya bluu. La tatu lilikuwa limeshonwa, kwa kweli, kwa ustadi.

"Ingine ilikufaka," alisema. "Panya zikakula."

Nilimpa pole. Sikujua la kufanya zaidi.

Ilibidi swali la 14 na yote yaliyolifuata yaulizwe upya katika vijiji vyote, vya mbuzi na visivyo vya mbuzi, kwa maneno yaleyale pande zote mbili, kwa sababu ukiwarekebishia lugha waliokosa peke yao utakuwa umeingiza tofauti nyingine kwa mkono wako. Maneno mapya yalitungwa na wadodosaji wenyewe wakiwa wamekaa chini ya mwembe, huku mimi nikihudumia chai. Hakukuwa na "kaya". Hakukuwa na "mifugo". Palikuwa na mbuzi, kuku, nguruwe, sungura, kila mmoja na swali lake. Mama wa kaya namba 212 nilimwendea mwenyewe, miezi miwili tangu siku ile ya mahindi.

"Mama, hapa nyumbani muko na mbuzi ngapi?" nilisoma, kama lilivyoandikwa.

"Mbuzi?" alishangaa. "Mbuzi hatuna hata moja, mutoto yangu. Mbuzi walipewa wale wa ng'ambo." Kisha akasogea karibu na kushusha sauti, kama anayempa mgeni habari aliyokuja kuitafuta kutoka mbali. "Lakini mifuko imefika tano. Ile siku nilisikia haya, muko watu wakubwa munatoka Kampala kuhesabu, na mimi niko na tatu tu."

Nilitia sufuri kwenye mbuzi, sufuri kwenye kuku, sufuri kwenye sungura. Halafu nilifungua sehemu ya maelezo.