Kifua wazi kwenye theluji

Mwanamke ameketi katika kigari cha kuserereka juu ya theluji. Gauni lake limetiwa manyoya, ila kifua kiko wazi. Nyuma yake mwanamume aliyevaa Kitatari, mavazi ya watu wa nyika za Asia, anamsukuma. Hiyo ndiyo picha ya majira ya baridi aliyoichora Mfaransa François Boucher mwaka 1755, moja ya nne alizomchorea Madame de Pompadour, kipenzi cha mfalme wa Ufaransa. Leo zote ziko katika makumbusho ya Frick, New York.

Wanaoilaumu kwamba inaficha uchungu wa baridi wana hoja. Mwanafalsafa Diderot, akiandika kuhusu maonyesho ya Paris ya 1761, alisema Boucher ana kila kitu isipokuwa ukweli. Na ukweli wa baridi ya Ufaransa ulikuwa mchungu: ile ya 1709, Boucher akiwa na miaka 5, iliua mazao mashambani, na njaa na maradhi vikaondoka na watu wanaokadiriwa kufika 600,000. Hapa hayupo hata mmoja wao.

Lakini lawama hiyo inamdai mchoraji habari ambayo hakuiahidi. Kwa karne nyingi Ulaya ilichora majira kwa kazi zake, na baridi ilikuwa mkulima anayekata kuni au kuchinja nguruwe. Boucher aliiondoa kazi akaweka mahaba. Je, aliiondoa yote? Mimi macho yangu hurudi kwa yule anayesukuma. Utasema ni mchumba, jasho lake ni mchezo tu, na ni kweli. Hata hivyo kigari hakiendi chenyewe, na Boucher hakuficha hilo. Wala hakuificha baridi: miti imebaki mifupa, na bila ubaridi huo manyoya yasingekuwa na maana.

Kisha kuna mwenye picha. Pompadour alizaliwa Jeanne Antoinette Poisson, nje ya ukoo wa kikabaila. Kufikia 1755 alikuwa ameacha kitambo kulala na Louis wa 15, ila alibaki mwandani wake, na nafasi yake katika kasri la Versailles ilitegemea mfalme asichoke naye. Michezo ya kuigiza, karamu, safari, vyote alivipanga yeye. Starehe kwa wengine. Kwake ilikuwa ajira isiyo na likizo. Sisemi mwanamke wa kwenye kigari ni yeye. Ila hamwangalii anayemsukuma, anatuangalia sisi, kwa madaha, kifua wazi, huku theluji imemzunguka pande zote.