Mji Hauishi kwa Siku Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, Budapest, mji mkuu wa Hungaria, kwenye hosteli moja jirani na stesheni ya Keleti. Chumba kizima ni dabodeka, watu wamelala, na kijana wa Dar niliyefahamiana naye jana usiku anafunga zipu ya begi lake taratibu asituamshe. Nikamuuliza anawahi wapi.

"Vienna, dada. Budapest nimeshaimaliza."

Alikuwa amefika juzi jioni. Nilimtakia safari njema, akashuka ngazi, lakini neno lake limenikaa moyoni mpaka leo. Mji wa watu zaidi ya milioni moja na nusu, uliozaliwa kwa kuunganishwa Buda, Óbuda na Pest mwaka 1873, mtu anaumalizaje?

Sababu zake nazijua, maana ni zangu pia. Sisi wa pasi za Afrika Mashariki hatuamki tu tukaenda Ulaya. Unalipa yuro 90 za kuomba viza, ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Unakata bima ya matibabu ya kuanzia yuro 30,000. Unapeleka taarifa za benki, ratiba na mahali pa kulala, kisha unasubiri huku umeshika roho. Ukiipata viza unahisi ni hii hii, hakuna nyingine, basi ngoja nione kila kitu kwa mkupuo mmoja. Siwezi kumlaumu mtu kwa hofu hiyo. Lakini viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, inahesabu siku. Miji haihesabu.

Na siku zenyewe zinaliwa na kuhama. Hosteli inakutaka utoke saa nne au saa tano asubuhi, ile unayokwenda haikupi kitanda mpaka saa nane au tisa mchana. Katikati hapo uko stesheni na mzigo mgongoni, unatafuta jukwaa la treni, choo na maji ya kunywa. Ukikaa usiku mbili mbili katika miji minane, nusu ya siku zako ni za kubeba begi.

Bibi yangu, Tanga, alikuwa akisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huusikia kama msemo wa kumchoka mgeni. Mimi tangu utotoni niliuona wa heshima. Ukipewa jembe umeshaacha kukalishwa sebuleni, umekuwa mmoja wao. Na hii ndiyo hoja yangu yote: anayehama siku ya pili anaondoka mji haujampa jembe.

Siku ya tatu Budapest nilifua. Nikaenda soko la Lehel kununua mkate, nyanya na plamu, nyeusi kama zile za Lushoto. Mama muuzaji hajui Kiingereza, mimi nina *köszönöm* peke yake, yaani ahsante. Siku ya nne niliporudi alishanyanyua mfuko kabla sijanyoosha kidole, akaongeza plamu mbili juu ya mizani. Nilitembea na plamu zile kama mtu aliyepewa zawadi ya harusi.

Siku hiyo hiyo nikarudi mtoni. Siku ya kwanza nilipita pale, ukingoni mwa Danube, upande wa Pest karibu na Bunge, nikaona viatu vya chuma vimepangwa kwenye jiwe, nikapiga picha mbili nikaenda zangu. Safari hii sikuwa na pa kuwahi. Ni jozi 60, ziliwekwa mwaka 2005. Mwaka 1944 kuingia 1945, wanamgambo wa Mishale Msalaba, chama cha mafashisti wa Hungaria, walileta watu kwenye kingo za mto huu, wengi wao Wayahudi, wakawaamuru wavue viatu kwa sababu viatu vilikuwa mali, kisha wakawapiga risasi wakaangukia majini. Kuna viatu vya mtoto. Mzee mmoja alikuja na ua moja, akainama kwa shida, akalitia ndani ya kimoja cha vile vidogo, akasimama pale muda mrefu.

Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo viatu vinavuliwa mlangoni. Maisha yangu yote, viatu vilivyopangwa nje vimeniambia kwamba ndani kuna watu, piga hodi. Pale mbele ya viatu kuna maji tu. Nilikaa kwenye jiwe mpaka taa za daraja zikawaka, na zile picha za siku ya kwanza nikazifuta.

Sisemi mtu asihame. Kuhama kuna raha yake, hasa ukiagana na mtu. Siku yangu ya mwisho nilipita Lehel nimebeba begi, yule mama akaliona, akaelewa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ratiba yangu ilikuwa na miji minane, nimeipunguza ikabaki mitatu. Sasa niko Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, mwendo wa kama saa mbili na nusu kwa treni. Danube ni ile ile, ila huku ni juu yake, maji yanayopita hapa yanateremka kwenda Budapest, yapite mbele ya vile viatu. Nimelipia usiku sita. Leo ni wa pili. Kesho nafua.