Matoleo mapya ya Transformers si rangi mpya tu

Ndugu mwandishi, umeandika kwamba roboti hizi mpya za Transformers, midoli inayogeuka kuwa magari na vitu vingine, ni midoli ya zamani iliyopakwa rangi ili watu wazima watoe pesa. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Optimus Prime wa 1984, roboti anayegeuka lori, alitokana na mdoli wa Diaclone, mfululizo wa midoli wa kampuni ya Takara ya Japani, na Hasbro ndiyo iliyompeleka Marekani. Nampenda sana yule, lakini ngumi zake ni vipande vya kuchomeka, vyepesi kupotea, na akishasimama hana mengi ya kufanya zaidi ya kuinua mikono. Sasa mchukue Convoy (jina la Optimus Prime huko Japani) wa mfululizo mpya wa Missing Link, aliyetoka 2024. Umbo ni lile lile, madirisha ya lori yako pale pale kifuani, ila nyonga, magoti na viwiko vinakunjika. Kuvificha viungo vyote hivyo ndani ya mwili uleule bila kuharibu sura ya lori ni uhandisi hasa!

Masterpiece, mfululizo mwingine wa Transformers, ni habari nyingine, wabunifu wake wanafuata sura ya kwenye katuni. Ukimgeuza, kibao kimoja cha mwili kisipolala sawasawa, lori halifungi.

Halafu kuna suala la uzee. Baadhi ya plastiki za rangi ya dhahabu za midoli ya zamani huvunjika zenyewe, hata zikiwa hazijawahi kuchezewa. Mwenye roboti ya namna hiyo hathubutu kuigeuza, anaitazama tu kabatini. Toleo jipya analigeuza atakavyo.

Ukirudi kwenye mada hii, tafadhali tenganisha matoleo rasmi na yale bandia ya kuiga.