Chagua ufuo kwanza, antena baadaye

Wanaredio ridhaa wengi (wanaowasiliana kwa redio kama burudani) wa pwani yetu wakijiandaa kwa CQ World Wide, mashindano ya kuwasiliana na stesheni nyingi za dunia iwezekanavyo, kwanza huwaza mnara: uwe mrefu kiasi gani, Yagi, ile antena ya fito zinazoelekeza mawimbi upande mmoja, iwe na elementi (fito) ngapi. Kwa maoni yangu, la kwanza ni kujua bahari iko upande gani.

Pwani ya Afrika Mashariki hutazama mashariki. Pointi hazitoki huko kwa wingi. Kumpata mtu wa bara jingine ni pointi 3, wa nchi nyingine ya Afrika ni 1, na umati wa washindani uko Ulaya na Amerika Kaskazini. Kutoka Unguja, kwa dira, Ujerumani iko digrii 338 hivi, New York 312. Ukisimamisha antena ya wima Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, Japani watakusikia vizuri, lakini mawimbi ya kwenda Ulaya yataanza safari yao juu ya mawe na minazi. Ndiyo maana nashikilia Nungwi. Pale kwenye ncha ya kaskazini, maji yako mbele yako pande zote mbili unazozihitaji, na hata wakati wa bamvua hayapwi mbali kama upande wa mashariki.

Maji ya chumvi hupitisha umeme takriban mara 1,000 zaidi ya udongo wa kawaida. Antena ya wima ukingoni mwake hurusha mawimbi chini kabisa, hata chini ya digrii 10 kutoka upeo wa macho, na huko ndiko zilipo njia za mbali. Yagi ya mita 20 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake) kwenye mnara wa mita 12 hupeleka nguvu zake nyingi digrii 26 hivi. Ili uishushe hadi 10 unahitaji mnara wa karibu mita 30. Nani atausimamisha juu ya mwamba wa matumbawe, kisha apigane na kutu kila mwaka? Mwishoni mwa miaka ya 1990 timu moja ilikwenda Jamaica na antena za wima za ufukweni, na matokeo yao yakawafanya wengi wafikiri upya.

Antena ya wima yenye urefu wa robo wimbi kwa bendi ya mita 20 ni mita 5 tu: mwanzi, waya, kamba za nailoni. Weka mbili zielekee digrii 325, zitahudumia Ulaya na Amerika bila kuzungushwa. Ila zungumza mapema na wavuvi, kamba zako zisizibe njia wanapovutia ngalawa.

Kwa mita 10 na 15 nakubali Yagi. Ni nyepesi, na mita 12 zinatosha.

Mita 80 na 160 ni habari nyingine. Shindano la CQ World Wide la Morse, la nukta na mistari, huwa Novemba, wakati wa vuli, na radi hukwaruza usiku kucha. Hapo, kabla ya kununua kipaza nguvu, tandaza antena ya kupokelea peke yake, mbali na nyumba na jenereta. Utasikika hata kwa wati 100. Kazi ni kumsikia anayekujibu.