Tununue besi ya kutembea nayo

Besi yetu ya zamani, yaani tuba, ile ala kubwa ya shaba ya kupuliza yenye sauti nzito, ilitutoka Jumamosi moja hapa Moshi, juu ya pikapu, harusi ikiwa njiani kuelekea ukumbini. Vali ya pili, kibonyezo cha kubadilishia noti, ilikwama chini, kila noti niliyoitafuta ikawa inashuka nusu sauti. Bibi harusi hakugundua kitu. Mpiga tarumbeta wa kwanza aligundua, na mpaka leo hajaacha kunisema.

Basi kikundi chetu cha tarumbeta kimeamua kununua mpya, na vijana wamejaza simu yangu picha za matuba makubwa ya saizi 6/4 yenye vali tano. Wapendwa, hapana.

Kwanza, hizo sehemu za robo si urefu. Besi ya B-flati, kama tunayopiga sisi (jina ni la noti inayotoka bila kubonyeza vali), ina bomba la kama mita tano na nusu, iwe imeandikwa 3/4 au 6/4. Kinachobadilika ni unene wa bomba na upana wa mdomo, na hata hapo hakuna kipimo cha pamoja: 4/4 ya kiwanda hiki inaweza kuizidi 5/4 ya kiwanda kile. Dude la 6/4 lina mahali pake. Arnold Jacobs alikuwa na tuba kubwa ya namna hiyo ya kiwanda cha York katika okestra ya Chicago, alikopiga tuba tangu 1944 hadi 1988. Lakini Jacobs alikuwa amekaa kwenye kiti, ndani ya ukumbi. Hakupanda mlima nyuma ya jeneza huku mvua ikimnyeshea.

Kuna aliyependekeza E-flati kwa kuwa ni fupi na nyepesi. Hoja nzuri, ila amesahau jinsi tunavyosoma. Sisi tumerithi utaratibu wa Wajerumani: noti tunazisoma kama zilivyo kwenye kinanda. C ambayo kwenye B-flati naipata kwa vali ya nne, kwenye E-flati inataka ya kwanza na ya pili pamoja. Maana yake vidole vyote vijifunze upya, na nikiugua hakuna wa kunipokea. Bendi za Waingereza hazina shida hiyo, kwani noti zao huandikwa kwa namna ambayo vidole havibadiliki mtu akihama ala. Sisi si wao.

Sasa vali, na hapa ndipo nitakapogombana na wazee. Wao wanataka za kuzunguka, kama zile za besi ya zamani tuliyoletewa na marafiki kutoka Ujerumani. Sauti yake tamu, sikatai. Lakini vali ya kuzunguka ikiingia vumbi inataka fundi anayejua kuifungua, na aliye karibu nasi ni fundi wa rejeta. Anajua kulehemu, Mungu ambariki, ametuzibia matundu mengi, ila vali ni kazi nyingine. Pistoni, yaani vali ya kupanda na kushuka, naifungua kwa vidole vyangu, naifuta kwa kitambaa, naitia mafuta, tunaendelea na wimbo. (Tuba ya kwanza kabisa, ile waliyoibuni Wieprecht na Moritz wa Berlin mwaka 1835, nayo ilikuwa na pistoni. Kwa hiyo wazee wasinitajie mila.)

Vali ziwe nne, hapo sishuki. Ukibonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja, mabomba yake hayatoshi na sauti inapanda kidogo. F ya chini na C ndizo zinazoumia, na nyimbo zetu zimejaa F. Ya nne inatibu hilo. Ule mfumo wa fidia aliobuni Blaikley kule Uingereza mwaka 1874, unaopitisha pumzi kwenye vali mara ya pili, ni akili kubwa, ila unaongeza uzito na bei. Tuuache.

Nakiri niliyumba kidogo kwa sousafoni, aina ya tuba inayomzunguka mpigaji. Inavaliwa begani, mikono inapumzika, na ziko za faibaglasi ambazo ni nyepesi. Kwa harusi hakuna kama hiyo. Ila siku ya Jumapili mdomo wake utakuwa unamtazama mchungaji usoni, na kwaya haitasikika tena.

Kuhusu bei: mwaka juzi muuzaji mmoja alituuzia tarumbeta mpya yenye shaba nyembamba, ikabonyea kwa kuegemezwa ukutani. Afadhali besi iliyotumika ya kiwanda kinachoeleweka, Yamaha au Miraphone, kuliko mpya ya namna ile. Tusilipe kabla sijaipuliza kwa kipulizio changu mwenyewe, na kila bomba la kurekebishia sauti livutike bila koleo.

Kikao ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Nitakuja na mkanda wa kubebea na mzani.