Mnada Unaoshusha Bei

Katika mnada tuliouzoea, wanunuzi hupandishiana bei. Kwenye tovuti za kuombea kazi za uandishi mambo ni kinyume: mteja hukaa kimya, waandishi hamsini wakashushiana bei hadi makala ya maneno elfu moja iende kwa dola 5. Si ajabu waandishi wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wameapa kutorudi huko. Nawaelewa, ila nadhani lawama wanaipeleka pasipo pake.

Wanaozitetea tovuti hizi wana hoja moja nzito, nayo ni malipo. Aliyewahi kuandikia gazeti au kampuni ya hapa nyumbani anaijua "njoo wiki ijayo". Kule, kwa kazi ya bei moja iliyokubaliwa, mteja huweka fedha kwanza, tovuti ikazishikilia hadi kazi ipokelewe. Kuzifikisha mfukoni ni habari nyingine: Mkenya ameweza kuhamisha fedha za PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, kwenda M-Pesa tangu 2018, ilhali Mtanzania amezoea akaunti ya PayPal inayotuma tu, isiyopokea, hivyo hutafuta njia ya benki au ya mzunguko.

Kelele nyingi zinahusu kamisheni. Upwork, mojawapo ya tovuti hizi, iliyotokana na muungano wa tovuti za Elance na oDesk, iliwahi kukata asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja, kisha kuanzia 2023 hadi 2025 ikakata asilimia 10 kwa wote. Inauma, lakini kamisheni humkata aliyelipwa. Anayeanza huliwa mapema zaidi, kwenye maombi. Kila ombi hutumia tokeni zinazoitwa Connects, na moja huuzwa senti 15 za dola. Tuseme kazi inadai tokeni 12, yaani dola 1.80. Ukikosa mara 19 ukapata ya 20, umeshatoa dola 36 kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Na kama kila ombi lilikuchukua nusu saa, ongeza saa kumi. Kwa kazi ya dola 30, hiyo ni hasara tupu.

Hesabu hiyohiyo hubadilika mteja akirudi. Mteja mmoja anayeagiza makala mbili kila mwezi kwa mwaka mzima hufuta gharama ya maombi yote yaliyopotea. Wateja wa namna hiyo hawatafuti "mwandishi" tu. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika, itoke mwishoni mwa 2022, makala za jumla, zile za faida kumi za kunywa maji, mteja hujitengenezea mwenyewe, au humtafuta mtu wa kunyoosha maandishi ya mashine kwa bei ya kutupa. Anayebaki na thamani ni muuguzi anayeandika kuhusu afya, mhasibu anayeeleza kodi, mhariri wa Kiswahili anayejua kwa nini tafsiri fulani inachekesha. Kazi za Kiswahili ni chache, wiki inaweza kupita bila hata moja, lakini washindani nao ni wachache na hawawezi kubahatisha.

Kuna na njia ya giza: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, mara nyingi kwa akaunti ya kukodi. Inalipa haraka, sikatai. Lakini kuuza huduma hiyo England ni kosa la jinai kwa sheria ya 2022, na akaunti ya kukodi ikifungwa, sifa zote ulizochuma zinabaki kwa mwenye jina.

Kwa hiyo tovuti naitumia, kwa ubahili. Kabla ya kutoa tokeni hata moja nasoma historia ya mteja: ametangaza kazi ngapi, ameajiri wangapi, amelipa kiasi gani. Aliyetangaza kazi 40 akaajiri watu 3, kisha anaomba "sampuli fupi" juu ya mada yake mwenyewe, huyo simwombi hata tokeni zikigawiwa bure.