Saa Ikikwisha, Usimlaumu Mpinzani

Kwenye blitsi ya mtandaoni, yaani sataranji (chess) ya muda mfupi, kuna lalamiko lisiloisha: "Nilikuwa nashinda, akaniibia kwa saa," yaani muda wake uliisha kabla ya wa mpinzani. Hakuna aliyeibiwa. Katika mchezo wa 3+0, yaani dakika tatu bila nyongeza, kila mchezaji hupewa sekunde 180 na azitumie apendavyo. Mwenye malkia wa ziada na sekunde mbili mkononi bado hajashinda kitu. Alimnunua malkia huyo kwa sekunde, na bei ikamshinda.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mchezo wa hatua 40 unakupa sekunde nne na nusu kwa kila hatua. Ukifika hatua 60, ni sekunde tatu tu. Wengi hudhani muda huwaponyoka mwishoni, wakati mikono inatetemeka. Siyo. Huponyoka kati ya hatua ya 10 na ya 20, pale mtu anapojiuliza ngome iende mraba wa d1 au wa e1. Zote mbili zinafaa, zote mbili ni salama, naye anakaa sekunde 25 akizipima. Hizo ni zaidi ya hatua tano za mwisho wa mchezo, zimechomwa kwa swali lisilo na faida. Kama hatua mbili hazikupotezei kitu, cheza iliyokujia kwanza. Akiba ya kufikiri iwekwe kwa ajili ya kete zinazogusana: kuna kulana, kuna cheki (mfalme ameshambuliwa), au mfalme wako amefunguliwa. Kipimo ninachokiamini ni hiki: hatua kumi za kwanza zisizidi sekunde 20, na ukifika hatua ya 20 uwe bado na sekunde 90. Ukishindwa hapo, tatizo si kasi ya mkono. Huzijui fungua-mchezo zako, yaani mipango ya hatua za mwanzo, vya kutosha.

Halafu kuna primuvu, ile hatua unayoipanga wakati bado ni zamu ya mwenzako. Kati ya tovuti za mchezo huu, Lichess haikukati muda wowote kwa primuvu, Chess.com hukata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo mwenye sekunde moja anaweza kucheza hatua nyingi kuliko unavyofikiri, na anayedharau jambo hili ndiye hushangaa kwa nini mpinzani wake "hafi".

Primuvu iliyo salama kuliko zote ni ya kulipiza. Tuseme farasi wako yuko f3, askofu wa mpinzani anamtazama kutoka g4. Panga askari wa g2 ale f3. Askofu akimla farasi, askari wako analipiza papo hapo bila gharama. Asipomla, primuvu inafutika yenyewe, kwa sababu mraba wa f3 bado umekaliwa na farasi wako na hatua hiyo si halali. Huna cha kupoteza.

Ya hatari ni ile ya mazoea. Mchezaji wa kete nyeusi anapenda kusukuma askari g6 kisha kumpeleka askofu g7, basi anazipanga zote kwa upofu. Nyeupe akianza na d4, akaona g6 imekuja bila hata kupumua, anamtupa askofu wake hadi h6. Mtu anayetazama ubao angemla bure. Aliyepanga primuvu anajikuta askofu wake ameshaingia g7, analiwa hapo hapo, na ngome ya h8 ndiyo inayofuata. Mchezo umekwisha katika hatua ya tatu.

Mipangilio nayo si jambo dogo. Zima uthibitisho wa hatua kabla ya kucheza blitsi. Kuhusu askari kugeuka malkia moja kwa moja akifika mstari wa mwisho wa ubao, acha iwashwe, ila ujue mtego wake. Mfalme wako yuko g5, askari wako f7, mfalme mweusi h7 peke yake. Ukisukuma f8 na kupata malkia, mfalme mweusi hana pa kwenda wala hajapigwa cheki: sare. Ukichukua ngome, atatoka g7, utaiondoa ngome yako na kumaliza kazi. Jifunze mapema namna ya kuchagua kete nyingine kwenye tovuti unayotumia, maana ukiwa na sekunde nne hutaitafuta.

Na sasa jambo ambalo wachezaji wengi wazuri hawalitumii. Muda wako ukiisha huku mpinzani amebaki na mfalme mtupu, matokeo ni sare, hushindwi. Kwa hiyo ukiwa na sekunde mbili, una ngome, naye ana askari mmoja tu aliyebaki, mle askari huyo hata kama mfalme atakula ngome yako. Ngome haikusaidii tena. Askari yule ndiye aliyekuwa anakupa hasara. Nusu alama ni bora kuliko sifuri.

Mtandao unaokatika ni balaa jingine. Tovuti kubwa hurudisha sehemu ya muda unaopotea njiani, lakini kwa kikomo, na intaneti inayoyumba huvuka kikomo hicho haraka. Funga video na upakuaji wowote. Zaidi ya hapo hakuna ujanja.

Kama yote haya yanakuudhi, dawa ipo: cheza 3+2, muda unaotumika kwenye mashindano ya dunia ya blitsi. Sekunde mbili zinazoongezwa kila hatua zinatosha kumaliza kazi ya malkia dhidi ya mfalme mtupu, mradi umeifanyia mazoezi. Lakini ukibonyeza 3+0 kwa hiari yako, umekubali kwamba saa ni sehemu ya mchezo, na ujumbe wa matusi baada ya kushindwa hauna mahali.